Ekstrakti ilitangulia au sumu ilitangulia?

Kuna kemikali inaitwa DPPH, unga wa zambarau nyeusi hivi, ukiuyeyusha kwenye methanoli unapata maji yaliyokolea kama wino. Dondoshea humo ekstrakti ya jani, yaani maji yake yaliyokamuliwa, karibu jani lolote lile, funika, weka gizani nusu saa. Ukifunua unakuta zambarau imepauka imekuwa njano. Mara ya kwanza kuiona hii kitu nilikuwa mwanafunzi, na nakumbuka nilishika ile tyubu nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha nikaitazama muda mrefu sana, maana nilichoamini ni kwamba nimeshuhudia kwa macho yangu mmea ukimaliza radikali huru, zile molekuli kali zinazoharibu seli, na kama umezimaliza kwenye tyubu basi na kwenye ini la mtu aliyeingiwa na sumu zitaisha vilevile, kuna shida gani hapo.

Shida ipo na ni kubwa. Ndani ya ile tyubu hakukuwa na ini, hakukuwa na utumbo wala damu, hata sumu yenyewe haikuwemo, na DPPH haipatikani mwilini mwa kiumbe chochote. Nilichoona ni kemikali mbili zinapeana elektroni, basi. Lakini kutoka kwenye rangi ile ya njano hadi kwenye sentensi "mmea huu unakinga seli dhidi ya sumu" watu wanaruka kwa hatua moja tu, na mi nimeruka hivohivo miaka mingi, na leo nikisoma makala za utafiti na nikisikia watu wanavyouziana vidonge vya ditoksi naona bado mruko ni uleule. Mimea nawaambia kabisa naipenda na naamini inatukinga, ila inatukinga kwa njia nyingine tofauti na hii inayohubiriwa, na tofauti hiyo inaweza kumuua mtu.

Tuanze na sumu inaharibuje seli, kwasababu hapo ndo kila kitu kinaamuliwa.

Radikali huru ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, kwa hiyo haitulii, inanyang'anya elektroni kwa jirani, jirani nae anabaki na upungufu anakwenda kunyang'anya kwingine, mnyororo unaendelea. Chukua kaboni tetrakloridi, kimiminika ambacho zamani kilitumika kufulia nguo za sufu na kujazwa kwenye vizimamoto. Yenyewe ikiingia mwilini sio kali hivyo. Inafika kwenye ini, inakutana na kimeng'enya kinaitwa CYP2E1 ambacho kazi yake ni kubadilisha kemikali ngeni ili zitolewe, na kimeng'enya katika kufanya kazi yake ya kila siku kinaivunja na kuigeuza radikali. Radikali hiyo inavamia mafuta ya utando wa seli, utando unaoza kama mafuta ya kula yaliyokaa wazi, seli inatoboka na vilivyomo vinavujia kwenye damu. Ndo maana daktari akitaka kujua hali ya ini anapima ALT na AST, hivyo ni vimeng'enya ambavyo mahali pake ni ndani ya seli, ukivikuta vingi nje ujue nyumba imebomoka. Angalia kitu kimoja hapo: sumu ilitengenezwa na ini lenyewe. Kumbuka hilo tutalirudia.

Sasa sumu ambayo watu wengi wanayo nyumbani, parasetamoli. Kwa kipimo sahihi ni dawa salama, mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wenye ini dhaifu hata chini ya hapo. Sehemu kubwa ya dawa inatolewa bila vurugu, sehemu ndogo inapita kwenye CYP2E1 ileile na kugeuka kitu kikali kinaitwa NAPQI. Kwa siku ya kawaida NAPQI haina madhara kwasababu seli ya ini ina ghala la glutathioni, molekuli ndogo iliyoungwa kwa asidi amino tatu, inaidaka NAPQI palepale na kuifunga. Mtu akizidisha, NAPQI inakuwa nyingi, ghala linatumika kuliko linavyojazwa, na likishuka hadi kama asilimia 30 ya kawaida yake hapo NAPQI inaanza kung'ang'ania protini za seli hasa za mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, na seli zinaanza kufa.

Mjomba wangu aliumwa jino. Hakutaka kung'oa, akawa anameza vidonge viwili, baada ya saa mbili vingine viwili, mchana na usiku, siku mbili. Siku ya pili akaanza kichefuchefu, na mtu mmoja ndani ya nyumba kwa nia njema kabisa akasema dawa zimemjaa mwilini apewe juisi ya majani mabichi ina antioksidanti (vitu vya kuzima radikali) itamsafisha. Akanywa. Na akajisikia vizuri, hapo ndo penye mtego, kwasababu parasetamoli ikizidi mara nyingi saa 24 za kwanza mgonjwa haonyeshi kitu kikubwa, kichefuchefu kidogo na uchovu, wengine wanapata nafuu kabisa siku ya pili wakati ini linaendelea kufa kimyakimya. Kwa hiyo juisi ikaonekana imefanya kazi. Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya njano. Akakimbizwa hospitali akatundikiwa dripu ya asetilisisteini, akapona baada ya wiki za wasiwasi ambazo sitaki kuzikumbuka.

Asetilisisteini ndo mfano bora kabisa wa kinga dhidi ya sumu na inafundisha mengi kuliko ekstrakti elfu. Ilianza kutumika kwa kazi hii miaka ya 1970. Haikamati radikali moja moja. Inachofanya hasa ni kupeleka sisteini, ile asidi amino ambayo seli inaikosa, ili seli itengeneze glutathioni yake yenyewe kujaza ghala. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu azidishe dozi karibu kila mtu anaokoka bila ini kuharibika vibaya, saa zikiongezeka kinga inapungua, ingawa hata akichelewa bado anapewa maana inasaidia. Saa 8! Mjomba alizimaliza akiwa na glasi ya juisi mkononi.

Hapo nataka tuweke namba, kwasababu maneno matupu kama "mmea huu una antioksidanti nyingi" hayasemi kitu. Ndani ya seli ya ini glutathioni ipo kati ya milimoli 5 na 10 kwa lita. Sasa kwasetini ya kwenye kitunguu, katekini za chai, kurkumini ya kwenye manjano, ukishakula zinapita kwenye utumbo na ini, na vyote viwili vinazichukulia kama kemikali ngeni zinazotakiwa kutoka, vinazibandika sukari au salfeti na kuzisukuma nje kwenye mkojo na nyongo. Zinazobaki kwenye damu kwa kawaida ni mikromoli moja kwa lita au chini ya hapo, na milimoli moja ni mikromoli elfu. Piga hesabu: kwa kila molekuli moja ya mmea kuna molekuli elfu kadhaa za glutathioni ambazo tayari zilikuwa kazini. Kwahiyo hata kama ile ya mmea ni hodari mara kumi, kwa idadi hiyo haiwezi kuwa ndo askari mkuu. Kwenye tyubu niliyoinua dirishani mi nilimimina ekstrakti nzito ambayo damu ya mtu haitaipata kamwe hata anywe ndoo.

Idara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuwa na jedwali kubwa la vyakula na alama zake za nguvu ya antioksidanti, kipimo kinaitwa ORAC, wafanyabiashara wa saplimenti wakalichukua wakalifanya tangazo. Mwaka 2012 idara ikalifuta lote, ikaeleza kwamba alama hizo za kwenye tyubu hazionyeshi kinachotokea kwenye mwili wa binadamu. Miaka yote hiyo imepita na alama hizo bado unazikuta zimechapwa kwenye makopo.

Twende kwa panya, maana mtu wa utafiti ataniambia sawa tyubu haitoshi lakini panya je. Muundo wa hizi tafiti ni mmoja na ukisoma kumi umesoma zote. Panya wanagawanywa makundi. Kundi moja linapewa ekstrakti kila siku kwa siku saba au zaidi, alafu ndo wanachomwa kaboni tetrakloridi au parasetamoli nyingi, kesho yake wanapimwa ALT, wanachinjwa, ini linaangaliwa kwenye hadubini. Kundi la ekstrakti ALT imeshuka, hitimisho linaandikwa: mmea unakinga ini kwa nguvu ya antioksidanti.

Soma tena mpangilio. Ekstrakti ilitangulia siku saba. Na sumu mnakumbuka inatengenezwa na nani? Na CYP2E1 ya ini. Kumbe chochote kinachozuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi kitafanya sumu isizaliwe kabisa, panya atabaki mzima, glutathioni yake itabaki nyingi, mafuta ya utando hayataoza, na vipimo vyote vitasema "antioksidanti" wakati hakuna radikali hata moja iliyokamatwa kwasababu haikuwepo ya kukamatwa. Hili limeonekana wazi kabisa, dialili salfidi ya kwenye kitunguu saumu inazuia CYP2E1. Na kuna jambo linauma zaidi, ekstrakti nyingi zisizoyeyuka kwenye maji zinayeyushwa kwenye DMSO, na DMSO yenyewe peke yake bila mmea wowote inamkinga panya dhidi ya parasetamoli kwasababu nayo inazuia hivyo vimeng'enya. Mtafiti asipoweka kundi la panya waliopewa DMSO tupu atausifia mmea kwa kazi iliyofanywa na kiyeyushi. Sisemi hawa watu ni waongo, wengi wanafanya kazi ngumu katika maabara zenye shida, nasema kinachopimwa na kinachoandikwa ni vitu viwili.

Na mgonjwa wa kweli ni nani? Ni mtu ambaye sumu imeshaingia. Hakukaa siku saba anakunywa ekstrakti akisubiri kukosea dozi.

Kuna mmea mmoja ambao umefika hadi kwenye dripu ya hospitali na ni lazima tuuheshimu, Silybum marianum, wa miiba, ua lake zambarau, majani yana michirizi myeupe kama yamemwagikiwa maziwa. Mbegu zake zina silimarini, na sehemu yake muhimu inaitwa silibinini. Ulaya baadhi ya nchi silibinini inapewa kwa njia ya mshipa mtu aliyekula uyoga wa Amanita phalloides, uyoga mwenye sumu inayoziba RNA polimerasi ya 2, yaani seli inashindwa kusoma maelekezo yake yenyewe ya kutengeneza protini na inakufa. Watu wakisikia hii wanasema umeona, antioksidanti inaponya. Lakini ukiangalia inavyofanya kazi, silibinini inaziba mlango. Kwenye utando wa seli ya ini kuna kipitishio kinaitwa OATP1B3 ambacho sumu ya uyoga inakitumia kuingilia, silibinini inakikalia hicho kipitishio, na vilevile inakatiza ile safari ya sumu kutoka kwenye ini kwenda kwenye nyongo, kisha utumbo, alafu kurudi tena ini. Ni kazi nzuri mno, ya mlangoni, na uwezo wake wa kugawa elektroni sio habari kuu hapo. Hata hivo wagonjwa wa uyoga hawajawahi kugawanywa kwa bahati nasibu kwenye jaribio ili tuone tofauti safi, ushahidi ni wa wagonjwa waliotibiwa na kuhesabiwa baadae.

Pale ambapo jaribio safi limefanyika kwa silimarini ya kumeza, matokeo hayakupendeza. Mwaka 2012 lilitoka jaribio la wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C ambao tiba ya wakati huo ilishindwa kuwasaidia, wakapewa silimarini kwa dozi kubwa kuliko zinazouzwa, mara tatu kwa siku kwa wiki 24, wengine vidonge visivyo na dawa. ALT haikushuka kuliko kwa wale wa vidonge visivyo na dawa. Mmea uleule, ini lilelile, ila hapa shida ilikuwa kirusi ambacho hakiingilii mlango ule.

Ndo maana nasema uliza sumu inafanya nini kwanza. Metali kama risasi inashikana na salfa ya protini na inahitaji dawa ya kuikamata itoke, hapo chai ya majani haigusi kitu.

Mfano unaoniumiza kuliko yote ni parakwati, dawa ya kuua magugu. Kama kuna sumu moja duniani ambayo antioksidanti zilipaswa kuishinda ni hii, maana uharibifu wake wote ni wa radikali: inapokea elektroni ndani ya seli, inaikabidhi kwa oksijeni inayogeuka supaoksaidi, ambayo ni radikali, yenyewe inarudi ilivyokuwa, inapokea nyingine, inakabidhi tena, inazunguka hivo bila kuisha na kila mzunguko unakula akiba ya seli. Mapafu yanaivuta kwa nguvu kwa kipitishio ambacho kazi yake ni kubeba vitu vingine, inajaa humo kuliko kwenye damu. Madaktari wanajizuia hata kumpa mgonjwa oksijeni ya ziada mpaka awe amezidiwa kabisa, kwasababu oksijeni ni kuni. Vitamini C imejaribiwa, vitamini E imejaribiwa, asetilisisteini imejaribiwa, na hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuwa inaiponya. Sababu inaonekana ukikaa ukaifikiria: antioksidanti inakamata radikali moja inakuwa imemaliza kazi, parakwati inatengeneza nyingine na nyingine na nyingine. Ni sawa na kuteka maji yanayomwagika kwa kikombe wakati bomba limeachwa wazi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani mi nimeshakata tamaa na mimea. Hapana, na sehemu inayofuata ndo ninayoipenda.

Brokoli ukilitafuna kuna kitu kinatokea ambacho hakikuwepo sekunde moja kabla. Seli zake zinapasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa chumba chake, mirosinasi, kinakutana na glukorafanini iliyokuwa chumba kingine, na hapo inazaliwa salforafani. Kwa mmea hiyo ni silaha dhidi ya mdudu anayetafuna. Ukilichemsha sana kimeng'enya kinakufa na salforafani inapungua mno. Mtafiti Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliitenga mwaka 1992, na 1997 wakaonyesha machipukizi ya siku tatu yana malighafi ya salforafani mara 10 hadi 100 kuliko brokoli lililokomaa. Sasa salforafani yenyewe sio antioksidanti ya maana kwa maana ya kwenye tyubu. Ni kali, ni sumu ndogo. Inaingia kwenye seli yako inang'ang'ania protini inayoitwa Keap1, mlinzi ambaye siku zote anamkamata mwenzake Nrf2 na kumpeleka akavunjwe. Keap1 akishashikwa, Nrf2 anabaki huru, anaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kwa makumi: za kutengeneza glutathioni, za vimeng'enya vinavyoifunga glutathioni kwenye sumu, za pampu za kuitoa nje. Na ulinzi huu hauishi dakika ileile, unadumu saa nyingi hata siku baada ya salforafani kutoka mwilini.

Kwahiyo mmea unaisumbua seli kidogo, seli inadhani imevamiwa, inajipanga, na sumu ya kweli ikija inakuta watu wako macho. Kurkumini na polifenoli nyingine kadhaa zinaonekana kugusa njia hiihii pia. Hapa ile hesabu ya mikromoli dhidi ya milimoli haina shida tena, kwasababu mpiga kengele hahitaji kuwa jeshi, mmoja anatosha kuamsha kijiji.

Na hii imejaribiwa kwa watu, sio panya tu. Qidong, China, eneo lililokuwa na saratani ya ini kwa wingi kwasababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu wa kwenye nafaka) na homa ya ini aina ya B, na hewa yake nayo ilikuwa na uchafu mwingi. Watu 291 wakanywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli au kinywaji kisicho nayo kila siku kwa wiki 12. Matokeo yalitoka 2014: waliokunywa brokoli walikuwa wanatoa kwenye mkojo benzini, sumu ya kwenye hewa chafu, iliyofungwa na glutathioni kwa asilimia 61 zaidi, na akroleini, ile ya kwenye moshi, kwa asilimia 23 zaidi, na tofauti ilionekana tangu siku ya kwanza ikadumu hadi mwisho. Angalia walichopima, hawakupima rangi ya tyubu wala alama ya antioksidanti, walipima sumu yenyewe ikitoka nje. Bado sio sawa na kusema saratani imepungua, hilo linataka miaka mingi, lakini ni ushahidi wa aina ninayoiheshimu.

Qidong hiyohiyo kabla ya hapo kulikuwa na jaribio lingine ambalo matokeo yake yalitoka 2001, klorofilini, inayotengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani. Watu 180, miligramu 100 kila mlo, mara tatu kwa siku, miezi minne. Alama ya sumukuvu iliyojibandika kwenye DNA ilipungua kwenye mkojo kwa asilimia 55. Na hapa maelezo makuu ni mengine kabisa, klorofilini inaishika sumukuvu ndani ya utumbo zinatoka pamoja, sumu haifiki hata kwenye ini. Umeona sasa? Silibinini inaziba mlango wa seli, klorofilini inakamata njiani, salforafani inaamsha walinzi, dialili salfidi inazuia sumu isitengenezwe. Njia nne za mimea kukinga seli na hakuna hata moja ambayo ni ile inayoandikwa kwenye kopo.

Lakini kengele ikipigwa bila kukoma nayo inaharibu, na zile antioksidanti za kumeza kwa dozi kubwa tumeshaziona zilivyofanya. Finland waliwapa wavuta sigara wanaume 29,133 betakarotini, vitamini E, vyote, au vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 1994: waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Zaidi, sio pungufu. Marekani jaribio la CARET la watu 18,314, wavuta sigara na waliofanya kazi kwenye asbesto, betakarotini pamoja na vitamini A, likasimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake kwasababu saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Rangi ileile ya karoti ambayo watu wanaoila kwenye chakula walionekana wana afya nzuri. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba kwenye mapafu yaliyojaa moshi betakarotini nyingi nayo inaoksidishwa na vipande vyake vinakuwa vikali, maana antioksidanti ikishatoa elektroni yake nayo inabaki na upungufu, inahitaji mwenzake wa kuirudishia, vitamini E inarudishiwa na vitamini C, na vitamini C inategemea glutathioni. Ukimwaga moja tu kwa wingi umeongeza mchezaji mmoja bila timu.

Na kuna lile jaribio la 2009 la vijana wa kiume waliofanya mazoezi wiki nne, nusu wakimeza vitamini C gramu 1 na vitamini E kila siku. Wasiomeza miili yao ikaitikia insulini vizuri zaidi kama inavyotarajiwa kwa mtu wa mazoezi, waliomeza hawakupata faida hiyo. Zile radikali kidogo za misuli ndo zilikuwa ujumbe, na vidonge vikaufuta.

Tena mmea wenyewe ukikamuliwa sana unaweza kuwa ndo sumu. Katekini kuu ya chai ya kijani, EGCG, ukiinywa kwenye kikombe haina neno, ila ikiwa kwenye vidonge kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza 2018 kwamba inahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Ini hilohilo mtu alilotaka kulikinga. Na maharage ya fava yana kemikali inaitwa visini ambayo kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD inaoksidisha chembe nyekundu za damu hadi zinapasuka, kwasababu G6PD ndo inayolisha ule mfumo wa kurudisha glutathioni kazini. Unaona tena tunarudi palepale, glutathioni.

Kwa hiyo ninachomshauri mtu ni rahisi. Kula majani, matunda, jamii ya kabichi, tafuna vizuri, kila siku, hapo unajenga ulinzi kabla sumu haijaja. Sumu ikishaingia, dozi imezidi, uyoga umeliwa, kemikali imemezwa, usimpe mtu juisi wala ekstrakti, usisubiri aonekane anaumwa, mpeleke hospitali na pakiti au mabaki ya alichokula mkononi, mwambie daktari ni saa ngapi. Hiyo saa ndo atakayoitaka kwanza.

Na kwa mwanafunzi aliyeinua tyubu ya njano dirishani leo, mdogo wangu, najua unavyojisikia na sitaki uache. Chukua panya wako, wape sumu kwanza. Subiri kwa muda wa saa nne. Alafu ndo wape ekstrakti, kundi lingine wape asetilisisteini, na kundi lingine wape kile kiyeyushi kitupu. Pima NAPQI iliyojibandika kwenye protini za ini, ili ujue kama sumu ilizaliwa au haikuzaliwa, kisha pima ekstrakti yako imefika kiasi gani kwenye damu. Ikishuka ALT hapo, niandikie.